Mpango wa Kurasa Sitini na Dagaa wa Mama Ngoie

Mkurugenzi wetu alinituma Nchelenge, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, kwa sababu alichoka kunisikia. Mimi ni afisa maafa wa halmashauri ndogo upande wa Rukwa, na nilikuwa nimeandika mpango wa dharura wenye kurasa sitini. Una ramani, una majedwali, una ukurasa mzima unaoeleza nani amkabidhi nani kipaza sauti. Kila kikao niliomba tuujaribu. Mwishowe mkurugenzi akasema wenzetu wa kando ya Ziwa Mweru wana mafunzo ya watumishi kuhusu majanga ya ghafla na wanatafuta mtoa mada. "Na usiwe na haraka ya kurudi," akaongeza. Nilidhani ananionea huruma kwa urefu wa safari.

Jumatatu alfajiri niliondoka Sumbawanga nikiwa nimevaa kofia ngumu ya njano na koti la kung'aa. Begini havikuenea, maana humo kulikuwa na nakala arobaini za mpango. Mpakani Kasesya niliulizwa ninakwenda mgodi gani. Baada ya Kasama abiria walikwisha kuamua kwamba mimi ni mhandisi wa barabara, na kila tulipopita shimo walinigeukia kwa macho ya lawama. Mzee mmoja alitaka nimwambie shimo lililomvunjia baiskeli litazibwa lini. Nilimwahidi kulifikisha panapohusika, nikaliandika kabisa.

Jumatano mchana nilifika Nchelenge. Nilipokewa na Bwana Mulenga, afisa maendeleo ya jamii, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Huku watu huzungumza Kibemba. Kiswahili chao ni cha sokoni, kilichovuka ziwa kutoka Kongo, na Mulenga alikiokota alipokuwa akiuza samaki kabla ya kuajiriwa.

"Mulishani mukwai, karibu papa," alisema, akinisalimu kwa Kibemba na kuniita baba, huku akiitazama kofia. "Kwenu mawe iko naanguka?"

"Ni kujiandaa tu," nikajibu.

"Bon. Hapa inaangukaka paka mvula," akasema, yaani mvua tu.

Alhamisi alinipeleka Kashikishi, mwaloni wanakoshushia samaki, nikaone watu wa kufanya nao zoezi langu. Mchanga wote ulikuwa umefunikwa na nyavu kuukuu, na juu ya nyavu wameanikwa dagaa wadogo wanaoitwa chisense, weupe kama mchele. Mwisho kabisa wa ufuko tulimkuta Mama Ngoie, mjane aliyekimbia vita kutoka upande wa Pweto, Kongo, akiwageuza dagaa wake kwa ufagio. Binti yake, Mado, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi mjini Mansa.

"Hii njo masomo ya Mado," alisema, akiwaelekezea dagaa ufagio. "Kesho kutwa anaenda nayo ku Mansa. Kisha banafunga ziwa, hakuna mutu atavua. Hii ikioza, hakuna ingine."

"Na mvua ikija ghafla mnafanyaje?"

"Mwenye anaona wingu anapiga beseni. Kila mutu anaokota samaki yenye iko karibu yake."

"Hata kama si wake?"

"Hata kama hapana yake, papa. Tunagawanya kisha."

Nilisikitika sana. Hakuna kanda, hakuna zamu, hakuna anayewajibika kwa samaki yupi. Usiku huo nilisahihisha kasoro zao kwa kalamu nyekundu.

Ijumaa saa tatu asubuhi niliweka meza mchangani. Akina mama arobaini walikuja, nikawaeleza utaratibu mpya: nikipuliza filimbi saa nne kamili, kila mmoja akimbilie samaki wake mwenyewe na asiguse wa mwenzake. Kabla ya hapo, mahudhurio. Jina, umri, eneo, simu, sahihi. Nilikuwa na kalamu mbili. Moja ikafa mapema, na Mulenga akaenda sokoni kununua nyingine.

Wingu lilitokea upande wa Kongo tukiwa kwenye jina la kumi na moja. Lilikuwa jeusi na lilikuwa na haraka kuliko sisi. Mama Ngoie, aliyekuwa katikati ya foleni, alinyoosha kidole.

"Papa, ile wingu iko mu programu?"

Nilichukua kipaza sauti nikautangazia ufuko mzima kwamba wingu hilo si sehemu ya zoezi na lipuuzwe mpaka mahudhurio yakamilike. Nakiri nilisema hivyo. Na wao, wapenzi wasomaji, wakalipuuza. Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Nilivimba kichwa, nikasema moyoni kwamba hatimaye nimewapata watu wenye nidhamu.

Matone ya kwanza yaliangukia sahihi ya kumi na tisa. Hapo ndipo Mulenga alipotokea mbio na kalamu mdomoni. Aliitema, akanyakua beseni akaligonga kwa jiwe.

"Bamama! Samaki! Okoteni!"

Walitimua mbio, lakini kila mmoja kwa samaki wake, kama nilivyowafundisha. Wa kusini walikimbilia kaskazini, wa kaskazini kusini, wakapigana vikumbo katikati, na mimi nikipuliza filimbi bila kujua ya nini. Nilikimbia na Mama Ngoie hadi mwisho wa ufuko, nikajikwaa, kofia ikanifunika macho. Tulipofika, dagaa wake walikuwa wakielea.

Aliketi mchangani kwenye mvua akalia bila sauti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimuuliza kwa nini hakukimbia mapema, naye alikuwa ameliona wingu kabla yangu.

"Papa, mu kambi, mwenye anatoka ku listi, hapati chakula," alinijibu. "Listi haikimbiwake."

Niliitia filimbi mfukoni. Mulenga alikwisha kuwafikiria dagaa. Dagaa wakilowa na kurundikana huoza kabla ya jioni, kwa hiyo aliamuru wabebwe hadi ukumbi wa mafunzo, ambako wakuu wa idara walikuwa wamevaa suti wakiisubiri mada yangu. Wakakuta mada inaingia mlangoni ikichuruzika maji. Dagaa walitandazwa juu ya meza zote. Feni mbili ziliwashwa. Mweka hazina alifungua tai, afisa mipango miji akachora njia za kupitia kati ya samaki, na kila mmoja akapewa nakala ya mpango wangu apepee nayo. Kurasa sitini zina upepo mzuri. Mama mmoja wa afya alipepea huku akiisoma, akaniuliza kama kweli ukurasa wa kumi na nne unahusu vipaza sauti tu.

Saa saba jua lilirudi, tukawatoa nje. Harufu ilibaki ukumbini.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi dogo la Mansa pamoja na Mado. Magunia mawili ya Mama Ngoie yalikuwa yamepona na la tatu lilikwenda kwa bata. Mama Ngoie alinipa mkono.

"Mungu akulinde, papa. Siku ingine ukuye bila meza."

Mansa, makuli walipopanda juu ya basi kushusha mizigo, yalishuka magunia matatu. Nilimwambia Mado wamemzidishia.

"Hapana, ni yangu," alisema. "Jana magaribi kila mama alileta beseni moja ya yake."

"Nani aliwapanga?"

"Hakuna."

"Nani aliandika majina ya waliotoa?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wake wa kwanza. Kisha akabeba gunia moja kichwani akaingia nalo sokoni, nami nikambebea la pili, kuli mmoja la tatu. Dagaa wakauzwa, na jioni hiyo alilipa ada akapokewa chuoni.

Jumanne nilirudi kazini. Mkurugenzi alitaka nijaze fomu ya tukio, kwa kuwa habari za ukumbi zilinitangulia. Nilijifunza kwamba watu wa mahali huwa na mpango wao kabla afisa hajafika, na kazi yangu ya kwanza ni kuuliza na kuuelewa kabla sijautia kalamu nyekundu. Nilijaza mahali, nikajaza aina ya mali iliyoharibika. Penye "chanzo cha maafa" nilisita kidogo, kisha nikaandika jina langu kamili, pamoja na cheo.