Gari Lililoamka na Hasira

Hiki ninachowaandikia hamtakiamini, na msipoamini mimi nitalala usingizi wangu vizuri tu. Ni habari ya mpwa wangu, fundi magari, ambaye gereji nzima inamwita Mama Plagi. Akili yake ya injini kairithi kwangu mjomba wake, ingawa mimi mwenyewe sijawahi kufungua hata boneti. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu, na kwa hiari ya mwalimu pia.

Mama Plagi ana miaka arobaini na saba, na ishirini na minane kati ya hiyo ameimaliza ameinama. Asubuhi hukaa ukingoni mwa kitanda akiyabembeleza magoti yake kama mtu anayeamsha watoto wakorofi, moja kwanza, halafu la pili. Vidole vyake haviachi weusi hata kwa sabuni ya unga. Jioni akirudi husema "nimechoka" kabla hajabisha hodi, basi sisi tulio ndani tunajua nani amefika.

Siku moja mchana akaletewa gari la zamani la otomatiki, miongoni mwa yale ya kwanza kuacha kabureta na kutumia nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Mwenyewe ni mzee mmoja, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, miaka thelathini na sita barabarani bila kugonga hata kuku. Sasa asubuhi moja nyumbani kwake, alipotia gia ya nyuma, gari likaruka likabomoa ukuta wa bafu la uani. Dakika chache kabla, mjukuu wake alikuwa akiogeshwa hapo hapo. Mzee akaapa mguu wake ulikuwa kwenye breki. Bintiye, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeliendesha gari mpaka gereji, na swali lake lilikuwa moja tu: kilichoharibika ni gari au ni baba?

Mama Plagi akaliwasha. Injini ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Mshale wa resi, ule unaohesabu mizunguko ya injini, ukakaa mia nane, haukutikisika. Akatia gia, akatoa, akatia tena. Magari saba yalikuwa yanamngoja na mgongo unawaka moto. Akasema bila hata kuinua kichwa, "Gari hili ni zima kabisa, Mwalimu. Labda mzee alikosea pedali."

Neno hilo ndilo lililomnyang'anya mzee ufunguo.

Wiki mbili baadaye mzee akatokea gereji kwa miguu, shati limeganda mgongoni kwa jasho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Sikuja kugombana. Nauliza tu, lile gari ulilipima saa ngapi?"

"Mchana."

"Enhe. Limetoka nyumbani, limetembea nusu saa. Limeshapiga mswaki, limeshakunywa chai. Mimi lilinirukia likiwa ndiyo kwanza linaamka."

Mama Plagi akaweka spana chini. Hapa mjue kitu kimoja: gari likija gereji huwa moto, kwa sababu linajileta lenyewe. Ugonjwa wake wa asubuhi linauacha nyumbani. Mama Plagi alilijua hilo tangu anajifunza kushika spana. Siku ile alichoka tu, na kwa kulikumbuka hilo, mzee alipoondoka, usiku hakula vizuri.

Siku yake ya pekee ya kupumzika, jua halijakolea, akaenda kwa mzee. Mwalimu akamfungulia geti, ufunguo kaufumbata.

"Karibu, fundi. Ila baba hakai kwenye usukani."

"Wala sitaki akae. Utakaa wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mzee, samahani, nenda kasimame kule kwenye kamba ya nguo. Mikono nyuma." Mzee akaenda, akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

Mama Plagi akaweka kiganja juu ya injini. Baridi. "Washa. Usikanyage mafuta."

Gari likanguruma mpaka jirani akafungua dirisha. Mshale ukapanda hadi elfu mbili na mia sita, ukagoma kushuka. Injini baridi hupandisha resi, sawa, lakini elfu moja na mia mbili hivi, basi. Hii ilikuwa hasira.

"Toa mguu kwenye mafuta, Mwalimu!"

"Mguu gani? Yote miwili nimeikunja!"

"Una hakika? Kila mtu husema hivyo."

Mwalimu akageuka kumtazama babake. Mzee alikuwa anatazama nguo kwenye kamba.

Mama Plagi akatoa kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine akaipitisha polepole juu ya injini kama daktari anayesikiliza kifua. Pale bomba la hewa linapofungwa kwenye injini akasikia: ssss. Akachovya sponji, akakamua maji hapo. Yakanyonywa ndani, mngurumo ukashuka ghafla, kisha ukapanda tena.

"Gasketi inayoziba maungio haya," akasema. "Imekauka. Injini ikiwa baridi inaacha upenyo, hewa inaingia kwa wizi, na kompyuta ya gari inaongeza mafuta ili yalingane nayo. Chuma kikipata moto kinatanuka, upenyo unajiziba. Subirini muone."

Wakasubiri. Kidogo kidogo sauti ikapungua yenyewe, mshale ukarudi mia nane, kimya, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama Plagi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mzee, mguu wako hauna kosa. Kosa ni langu. Nilisema lile neno bila hata kuinua kichwa."

"Ulichoka, mwanangu. Hata mimi nimewahi kubeba mgonjwa huku macho yanajifunga. Ukifika salama, unanyamaza, unamshukuru Mungu."

Gasketi mpya akaitia siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi akarudi, wakaliwasha likiwa baridi: elfu moja na mia mbili, halafu likashuka kwa adabu. Hapo ndipo yakatokea makubwa. Mwalimu akaanguka miguuni pa babake, akalia machozi ya kujaza makarai mawili, mtaa mzima ukamiminika, watu kama mia tatu hivi, wakambeba mzee juu juu wakimzungusha na…

"Mjomba! Hebu lete hilo daftari. Mia tatu wametoka wapi? Tulikuwa watatu. Na Mwalimu hakulia. Aliuweka ufunguo mezani mbele ya babake, akamsogezea kikombe cha chai, akaenda kazini kwa miguu."