Juma la Kwanza Bila Posho

Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, na labda ndiyo sababu naogopa sana kukosea. Barua fupi ya salamu naweza kuichana na kuianza upya hadi karatasi ziishe. Kwa hiyo kampuni ilipotangaza kwamba haitatugawia tena posho, bali itatuongezea franka za chakula juu ya mshahara, kambi nzima ya wafanyakazi ilishangilia. Mimi nilikosa usingizi. Nimezaliwa hapa Élisabethville, katika kambi hiyohiyo, na tangu utoto wangu chakula kilikuja Jumamosi kimekwisha kupimwa. Sikuwahi kukichagua.

Tena Jumamosi ile ya kwanza haikuwa ya kujaribia. Mama mkwe wangu alikuwa njiani kutoka Mitwaba kwa lori, aone kwa mara ya kwanza binti yake anaishije. Nilimwambia mke wangu apumzike, sokoni nitakwenda mwenyewe. Nilizunguka, nikauliza bei, nikarudi nilikoanza, nikanunua hadi pesa ya juma ikaisha. Nilirudi nikitembea kama mtu aliyefaulu.

Mke wangu alifungua mifuko. Unga. Chumvi. Mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Samaki wakavu. Maharagwe. Akaketi chini kwa kicheko.

"Papa, umenunua posho!"

Ilikuwa kweli. Nilinunua hata maharagwe, ambayo sisi wawili hatuyali. Tangu tuoane, kila Jumamosi yalikwenda kwa mama jirani. Na mgeni angekula nini bila nyama? Nilitamani ardhi inimeze.

Jirani mwenyewe akachungulia mlangoni. "Maharagi yangu ilifika?"

"Ilifika," mke wangu akajibu, "lakini leo haiko ya kampani. Ni feza ya bwana yangu. Lete jogoo."

"Jogoo muzima juu ya maharagi?"

"Na ile yote ulikulaka bure?"

Jirani akacheka hadi akashika ukuta. "Basi mukamate. Anaimbaka na mwezi, anazania ni jua."

Jioni mama mkwe akafika. Kwa desturi yetu mkwe hali pamoja naye, basi nilikaa nyuma ya jiko, sahani magotini, nikitega sikio. Nilisikia maji ya kunawa yakimiminwa. Nikawaza: bukari, ugali wetu, ni laini mno, jogoo ni mzee, kesho atamrudisha binti yake Mitwaba.

Mke wangu akatokea na kisahani. Juu yake, firigisi.

"Mama anakutumia. Anasema uko mukwe muzuri."

Nilipumua.

"Lakini anauliza: ile maharagi inanukia kwa jirani, wewe unamunyima juu ya nini? Kwao ile njo chakula anapendaka."

Nikachukua bakuli tupu, nikagonga kwa jirani. Alikuwa amesikia yote.

"Mukwe ya posho!" akaniita, lakini bakuli alilijaza hadi juu, na mama mkwe akalimaliza.

Asubuhi ya Jumapili hakuna jogoo aliyewika. Safu yetu yote ya nyumba ililala hadi jua likapita mlangoni, na mimi pia.