Uyoga wa Makaburini

Walimwita Mbwembwe, maana hata kufyeka alifyeka na shati lililopigwa pasi. Alitunza makaburi ya zamani, kazi aliyoirithi kwa baba yake, ambaye naye alilala humohumo, upande wa juu karibu na ukuta. Nyasi alizokata alizikusanya kwa reki na kuwapelekea mbuzi wa mama mkwe wake. Mvua zikinyesha, uyoga ulichomoza kati ya makaburi, mwekundu na wa manjano, unang'aa kama uliopakwa mafuta. Aliupiga teke akapita zake.

Siku moja akizikwa mwalimu mstaafu, mpwa wa marehemu, mama wa makamo, alipiga magoti kwenye nyasi akaanza kulia. Watu walimshika mabega, wakampa pole. Mbwembwe ndiye aliyeona kwamba hatazami kaburi. Anatazama uyoga.

Watu walipotawanyika alimfuata. Kumbe ni mtafiti wa chuo. Uyoga ule ameutafuta mashambani kwa miaka asiuone, maana huota kwenye nyasi kongwe tu, zisizowahi kulimwa, zinazofyekwa na kuzolewa. Humu, jembe pekee lililoingia ni la wachimba kaburi.

"Na unauawa na nini?" Mbwembwe aliuliza, kichwa kimeshavimba kwa sifa.

"Mbolea ya dukani, mzee wangu. Hata kidogo."

Mbwembwe aligeuka kutazama upande wa juu. Juzi tu kamati ya makaburi ilileta mbolea ili nyasi zipendeze, naye aliimwaga upande wote wa juu kwa mikono yake, akianzia kwa baba yake. Magunia ya upande wa chini yalikuwa bado bandani.

Yule mama, akidhani hakusikika, akarudia.

"Nimekusikia, mama," Mbwembwe alisema. "Nimeshamwaga."

Alipoipelekea habari hiyo, kamati ilimcheka kwanza, lakini mtafiti alikuja mwenyewe kikaoni, na magunia yakarudishwa. Mvua zilizofuata, upande wa chini uliwaka rangi. Juu, nyasi zilinenepa, kijani tupu. Mbwembwe alipekua majani kwa vidole, kaburi baada ya kaburi, mpaka ukutani, akaketi chini na shati lake jeupe juu ya tope.

Mtafiti alimwambia huenda uyoga ukarudi, ila pengine wajukuu zake ndio watakaouona. Kwa hiyo anaendelea kufyeka kule juu na kuzoa. Akifika kwa baba yake husimama kwanza, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba asubuhi hiyohiyo.