Sangara Nilimpima, Mtoto Sikumpima

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na jana nilipokuona unakata kidonge cha mumeo kwa kisu cha vitunguu ili umpe mtoto, ilinirudia yote. Nilikunyang'anya kisu, ukanuna. Nuna tu, lakini sikiliza.

Miaka ile ya tisini viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa, na mimi nilikuwa mpimaji wa sangara pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Wavuvi waliniogopa. Samaki akipungua robo kilo, nilijua kabla mshale wa mizani haujatulia. Nilijiona mjanja kweli.

Dada yako Neema alikuwa na miaka miwili, sikio la kushoto likaanza kutoa usaha. Nyumbani kulikuwa na antibaotiki za baba yenu, kapsuli zilizobaki alipougua kifua. Bahasha iliandikwa moja mara tatu. Nikajiambia mtu mzima moja, mtoto nusu, ya nini kwenda kupanga foleni? Nikawa nafungua kapsuli, nagawa unga kwa macho, nakoroga kwenye uji. Siku ya tatu sikio likakauka. Zilizobaki nikazihifadhi, eti zitafaa siku nyingine.

Wiki mbili baadaye usaha ulirudi na homa kali, mtoto analia, hata kuguswa hataki. Nikampeleka zahanati moja kule Mirongo. Nesi mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akamtundika Neema kwenye mizani ya kuning'inia, sawasawa na ile yangu ya samaki, kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia.

"Sangara wa mwisho uliyempima leo alikuwa kilo ngapi?"

"Kumi na nne na robo, mama."

"Na huyu?"

Sikujua. Mwanangu, sikujua, na aibu ile sijaimaliza mpaka leo. Nesi hakupandisha sauti. Alisema dawa ya mtoto inafuata kilo zake, si nusu ya baba yake. Kwamba saa za kumpa na siku za kumpa zinaweza kutofautiana na za mkubwa, dawa nyingine za wakubwa mtoto hapewi kabisa, na akiongezeka uzito, dozi ya mwaka jana haimfai tena.

Homa iliisha. Sikio halikupona. Nyinyi mnamsema dada yenu, eti ana maringo, mkimwita haitiki. Hana maringo. Mnamwita kwa upande wa kushoto.

Kwa hiyo mpeleke mtoto apimwe kabla hajapewa dawa yoyote. Tumia kikombe cha kupimia kinachokuja na dawa yake, acha hivyo vijiko vya chai. Mpe kwa saa ulizoambiwa, na umalize siku zote hata ukimwona ameanza kucheza. Kisu kibaki na vitunguu.

Mungu akukuzie mwanao, na amjalie akusikie ukimwita kwa upande wowote.