Aliyemwona Kwanza

Fundi Maulidi wa kata ya Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, ana mabinti watupu. Halalamiki, mabinti zake wanamtunza mpaka kitambi kimeanza kumzuia kufika kwenye cherehani. Ila marehemu baba yake, mzee Hasheem, alipanda huku akitokea pwani, akawashonea watu wa Rungwe makoti ya baridi mpaka umauti ukamkuta, na jina lake halijapata wa kulibeba. Kwa hiyo Naima, kitinda mimba, alipojifungua dume, Maulidi hakungoja kuulizwa. Alikata kikanzu cha kitambaa kizito, maana baridi ya Tukuyu haijui mtoto, akatarizi kifuani: HASHEEM.

Sasa, mtoto ana babu wawili. Mzee Ambindwile, baba yake Muddy mume wa Naima, analima maparachichi kule Kisiba, na yeye alitaka mjukuu aitwe Ambindwile. Siku ya saba ikapita, mbuzi wa akika akaliwa, mababu wakakazana, mtoto akabaki anaitwa "huyu."

Ndipo redio ikaingilia. Maulidi alikuwa anapiga pasi, mtangazaji akasema wataalamu wa nyota wamegundua miezi mipya, zaidi ya mia, inaizunguka sayari ya Zohali. Haina majina, inaitwa kwa herufi na namba. Njia yake ikishajulikana vizuri, aliyeugundua mwezi anapendekeza jina, kamati ya dunia inalipitisha. Na kwa milima na mashimo ya sayari, mtu aliye hai hapewi kitu cha kuitwa kwa jina lake. Mpaka afe kwanza, na miaka ipite.

"Aliye hai hapewi!" Nusura Maulidi aunguze suruali ya mteja. "Ambindwile kwisha habari yake."

Jumapili wakakutana nyumbani kwa fundi. Naima na mtoto walikuwa chumbani, nyuma ya pazia, kwa sababu mila ya Wanyakyusa haimruhusu mkamwana kukaa mbele ya baba mkwe, wala kulitamka jina lake. Naima asili yake pwani, lakini mila za mumewe amezishika kuliko mumewe.

"Mkwe," Maulidi akaanza, "wenzetu wa nyota wana utaratibu wa majina. Mtu aliye hai hapewi. Wewe uko hai?"

"Sana! Jana nimebeba gunia la mbolea mwenyewe."

"Basi pole. Baba yangu alishakufa zamani, anafaa."

"Kwani mjukuu wangu mwezi?"

"Kichwa chake si umekiona, mviringo? Halafu tuseme umempa jina lako. Mama yake atamwitaje? Mtoto anatambalia jiko la mkaa, mama amebaki 'we, we, we'?"

Hilo Mzee Ambindwile hakuwa ameliwaza. Mila yake mwenyewe imemkamata shati.

Maulidi angenyamaza hapo angeshinda. Akanogewa. "Na la kwanza kabisa, aliyekiona kitu kwanza ndiye anayetaja jina!" Alikuwa na hesabu yake: siku Naima alipojifungua, Muddy alikuwa safarini, na ni yeye fundi aliyesimama mlangoni kumpokea mjukuu.

Pazia likatikisika.

"Baba," ikasema sauti ya Naima, "huyu aliyemwona kwanza nani? Mimi nimemjua bado ni kichefuchefu. Nyie wote mmekuja ameshaonekana."

Aliyecheka wa kwanza ni Mzee Ambindwile, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndaga fijo, mama! Asante! Taja."

"Farhan. Ninalo siku zote, hakuna aliyeniuliza."

"Kamati imepitisha," akasema mzee. "Au sio, mkwe?"

Maulidi akaitikia kwa kichwa.

Mgeni alipoondoka, fundi akachukua kikanzu na wembe, akakaa dirishani. Jina la baba yake alilishona kwa uzi imara, kila akitafuta pa kuanzia kufumua, hapaoni. Naima akatoka na mtoto mkononi.

"Baba, unafanya nini?"

"Namfungulia njia Farhan."

Naima akakichukua kikanzu, akakigeuza ndani nje, akamvalisha mtoto. Jina likalala juu ya ngozi ya kifua.

"Akae humo," akasema. "Kuna joto."

Maulidi akamtazama mjukuu: mishono yote iko nje, nyuzi zinaning'inia, vazi limevaliwa kinyume mchana kweupe, nyumbani kwa fundi. Akaurudisha wembe kwenye droo.