Buibui Waliokimbilia Ndani

Buibui wa kwetu hawafumi utando. Ni wale wa kijivu wanaowinda kwa mbio. Ukipepesa jicho tu, ameshavuka chumba na kombamwiko wake mdomoni. Jike hubeba watoto mgongoni, wengi mpaka utadhani ameota manyoya. Mimi nawachukia. Mama alikuwa anawaheshimu, kwa sababu kwao Korbesa, wakikimbilia ndani ya nyumba kwa wingi, watu husema mvua iko njiani, na aliyekuwa anahama hufungua mizigo.

Mwaka ule wa ukame, baba alikuwa Korbesa na ng'ombe wote tuliokuwa nao, sisi tuko Wabera, mjini Isiolo, kwenye nyumba ya mabati. Wenzake wa malishoni walikuwa wanahamia milimani, mbali, ambako ilisemekana nyasi bado zipo. Kuhama kulitaka ng'ombe wenye nguvu ya kutembea, na nguvu hiyo ilikuwa inaisha. Asubuhi moja baba alipanda kilima kutafuta mtandao, akampigia mama.

"Salaam aleikum, mama watoto. Kesho hawa watu wanahama. Niende nao ama ningoje?"

Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, buibui wakimpita miguuni, kutoka ukuta wa nyuma hadi chini ya kitanda. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau.

"Ngoja hapo," alimwambia. "Wameingia. Wengine wamebeba watoto. Mvua inakuja."

Baba hakuuliza mara mbili. Alimshukuru Mungu, akakata simu.

Adhuhuri nilienda nyuma ya nyumba kuanika nguo. Vijana walikuwa wanang'oa ua wa miiba wa jirani, ule uliokuwepo tangu utoto wangu, na kuuchoma ili wachimbe msingi. Moshi wote ulikuja upande wetu. Na kutoka kwenye miiba ile buibui walikuwa wanatoka mbio kuokoa roho zao, moja kwa moja hadi chini ya mabati yetu.

Nilimwita mama. Aliangalia, akachukua simu. Mteja hapatikani. Tulipiga mpaka chaji ikaisha, tukaazima simu kwa jirani yuleyule, tukapiga tena. Baba alikuwa ameshuka kilimani na hakuwa na sababu ya kupanda. Alikuwa anangoja mvua.

Alipokuja kupanda kilima tena, wenzake walikuwa wameshafika mbali, na ng'ombe wake hawasimami bila kuinuliwa. Aliuliza kama huku Isiolo imenyesha. Mama alisema, "Bado," akanipa simu, akatoka nje.

Hakubaki hata ndama. Siku hizi baba anakaa nasi, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Hajawahi kumlaumu mama, na inaniudhi, kwa maana lawama ingeisha siku moja. Buibui bado wanaingia. Mama huamka kabla yetu sote na kuwafagia nje, ili baba asiwaone.

Juzi alichelewa. Mmoja alivuka sakafu na watoto wake mgongoni. Baba aliinua miguu ampishe, kisha akageuka kutazama mawingu.

"Mama watoto," alisema, "ile kamba ya ndama tuliweka wapi?"

Mama aliendelea kufagia. Kamba hiyo ndiyo tunayoanikia nguo.