Bendera Aliyoisahau Jes Thaysen

Jes Callesen Thaysen ni mwana wa Calle Thaysen, yule ambaye bahari ilipopanda na watu wote wakahamishwa, alikataa kuwaacha ng'ombe wake, akakesha nao juu ya tuta hadi maji yalipochoka yenyewe. Calle ni mwana wa Nis Thaysen, ambaye zama tulipotawaliwa na Wajerumani, na bendera yetu ikiwa marufuku, aliishona ndani ya mto wake akailalia miaka mingi. Siku mpaka uliposogezwa tukarudi nchini kwetu, aliipandisha ikiwa bado na manyoya ya bata. Na Jes mwenyewe amezibua mitaro ya mabonde haya ya Højer kwa miaka arobaini, wala hakuna shamba lililofurika kwa uzembe wake. Nayasema kwa uhakika. Nilikaa naye dawati moja miaka saba katika shule ya kijiji, na kichwa changu hakijaingia kutu.

Katika barabara yetu mlingoti wa bendera ni wake. Anayetimiza mwaka, bendera hupandishwa kwa heshima yake saa mbili asubuhi, na kabla jua halijazama hushushwa. Ikibaki juu gizani, kwetu wanasema unamsalimu shetani. Sasa, miaka tisa iliyopita nilitamka ukumbini, watu wote wakiwa na keki mdomoni, kwamba bendera ya Jes ilishuka dakika nne baada ya jua. Kuanzia siku hiyo hakunisemesha. Ua wa miti ukakua kati yetu, yeye akawa anamsalimu paka wangu.

Msimu wa kuchipua mwaka huu alianguka kutoka ngazini akipogoa mtofaa. Alilala chini masaa manne, nami nikianika nguo hatua thelathini kutoka hapo. Hakuita. Aliyemkuta ni mleta barua. Binti yake, Gyde, akaja mbio kutoka Kolding. Dirisha la jikoni kwa Jes lilikuwa wazi, nami nilikuwa na magugu mengi ya kung'oa upande ule.

"Baba, nyumba tunaiuza. Nimekupatia ghorofa karibu nami, ina lifti."

"Lifti ya nini? Mimi si gunia."

"Masaa manne ulilala kama gunia."

"Nilikuwa napumzika."

"Baba."

"Sikiliza, mwanangu. Nitapanda baiskeli kutoka mlango huu hadi Skagen, nchi inakoishia. Pwani yote, peke yangu. Hakuna atakayenibeba, hakuna atakayenifanyia kazi yangu. Nikifika hivyo, nyumba haiuzwi."

"Na usipofika?"

"Nitakuja kukaa kwenye hilo kabati lako."

Wakaandika kwenye karatasi, wakaibana na sumaku kwenye friji.

Aliondoka mwezi wa nane, siku aliyotimiza miaka sabini na minane. Alijipandishia bendera, akanywa kahawa, akala nusu keki akiwa amesimama, akafunga hema nyuma ya baiskeli pamoja na mkate mweusi na kopo la maini ya kusaga. Baiskeli yenyewe imemzidi Gyde umri. Ina gia tatu, moja hufanya kazi ikipenda. Lakini upepo ulitoka kusini-magharibi, na kwa upepo ule hata kitanda kingefika Esbjerg. Saa kumi alasiri alikuwa kambini Hjerting, kilomita karibu tisini, anajiona kijana.

Mama mwenye kambi alimpokea vizuri. "Weka hema popote, mzee. Mimi nisisahau tu kuishusha bendera leo, la sivyo mume wangu atanila mzima."

Jes akautazama mlingoti wa yule mama. Akakumbuka wa kwake.

Mtu mwenye akili angekaa chini akahesabu. Jes aligeuza baiskeli, akaingia katika upepo uleule uliomleta. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zake ziliishia kwenye benchi la kanisa fulani baada ya kilomita ishirini, saa moja na nusu jioni, nyumbani bado ni mbali sana. Ndipo akatoa simu.

Mimi nilikuwa dirishani na kazi yangu ya kufuma tangu adhuhuri, naitazama bendera yake. Bendera ya mtu asiyekusemesha haiguswi bila neno lake.

"Hapo ni kwa Botille?"

"Inategemea. Nani mwenzangu?"

"Jes."

"Jes yupi? Nilimjua mmoja, aliishiwa maneno miaka tisa iliyopita."

Nikausikia upepo. Kisha, "Bendera iko juu."

"Naiona. Inapendeza."

"Jua linazama saa tatu kasoro dakika kumi."

"Kwa saa yako au yangu?"

"Yako," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Na siku ile zilikuwa dakika ngapi, Jes?"

"Tatu."

"Sufuria yangu inachemka, jirani. Usiku mwema."

"Nne! Zilikuwa nne, Botille."

Basi nikapita kwenye ua, miti ikinikwaruza, nikaishusha, nikaikunja, jua likiwa bado juu ya tuta kidole kizima. Nilimpigia kumwambia. Akashukuru, halafu akasema, "Mkataba umevunjika. Nimefanyiwa kazi yangu."

"Na nani atamwambia Gyde?"

"Mimi."

Huyo ndiye Jes.

Nilidhani atarudi nyumbani. Akasema nyumba keshaipoteza, baiskeli bado anayo. Siku kumi na moja alikwenda. Barabara ilipoishia majini Thyborøn, alipanda kivuko, akaizunguka sitaha akisukuma baiskeli hadi ng'ambo, mtu asije akasema alibebwa. Abiria walimtolea macho. Kila jioni alinipigia kunieleza habari za upepo, kana kwamba upepo haufiki huku kwetu. Nilimsikiliza. Adabu ni adabu.

Gyde alimngoja Skagen, kule bahari mbili zinapogongana. Kahawa ya Jumapili iliyofuata ndiyo iliyonipa habari yote, kutoka kinywani mwa Gyde. Jes hakuwa hata ameshuka kwenye baiskeli.

"Nimeshindwa," akamwambia. "Siku ya kwanza nilimpigia Botille anishushie bendera."

"Ulimpigia? Wewe mwenyewe? Botille?"

"Na nikakiri zilikuwa nne."

Gyde akakaa kwenye mchanga. "Baba, miguu yako haikuwahi kunitia hofu. Ulilala masaa manne na jirani yuko hatua thelathini, hukuita. Ghorofa nilikutafutia kwa ajili ya mdomo wako, si kwa ajili ya miguu."

Walipofika nyumbani, karatasi ya kwenye friji Gyde akaichana mwenyewe. Nyumba haiuzwi.

Wiki ile mleta barua alikuwa anatimiza miaka arobaini. Asubuhi bendera ilipanda kama kawaida. Jioni nikasikia msumeno. Jes alikuwa anakata mlango kwenye ua, mpana wa kupita mtu na kikapu. Akaniita hadi chini ya mlingoti, akanishikisha kamba.

"Asubuhi nitapandisha mimi," akasema. "Jioni utashusha wewe. Leo na siku zote, niwepo nisiwepo."

"Nyonga zangu nazo ni za miaka sabini na minane, Jes."

"Kamba haijali nyonga. Anza kukunja na kona hii. Isiguse nyasi." Akaitazama saa iliyo mkononi mwake, akavuta mkono wa sweta ukaifunika. "Na wakati wa kushusha, tumia saa yako."